Ndala ilibaki nyuma, mimi nikaendelea kutembea

"Mjomba, ndala yako hii hapa!"

Nageuka, namwona mtoto wa dada yangu kasimama mlangoni kwa chumba changu, kaishika ndala ya kushoto kwa vidole viwili juu juu kama mtu aliyemshika panya kwa mkia, anacheka. Na mimi nikacheka. Alafu nikaangalia chini. Mguu wa kushoto uko peku, umekanyaga sakafu, sakafu yenyewe ya baridi, na mimi sina habari. Nimetembea hatua kumi au kumi na mbili nikiwa na uhakika kabisa kwamba nimevaa ndala mbili, ungenipeleka mahakamani ningeapa.

Siyo kwamba ilichomoka nikapuuza. Sikujua. Hiyo ndo sehemu ambayo hadi leo nikiwaeleza watu naona hawanielewi, jino likiuma unajua linauma, lakini sehemu ya mwili iliyoacha kuhisi haikuletei taarifa kwamba imeacha, wewe unaendelea na maisha yako na akili inajaza yenyewe pale palipokosekana, inakwambia ndala ipo, mpaka mtoto wa miaka sita aje akuumbue.

Nilichofanya baada ya hapo naona aibu kukisema. Nilianza kuvaa viatu vya kufunga kamba hata nikiwa ndani. Tatizo nikaona nimelimaliza.

Sasa niseme mapema maana nimechoka kuzunguka mbuyu: nilikuwa navuta gesi ya kucheka. Naitrasi oksaidi. Ile ya kwenye puto. Kama hujawahi kuiona, kuna vikopo vidogo vya chuma, vinene kama kidole gumba, kila kimoja kina gramu 8 za gesi, vimetengenezwa kwa ajili ya kuumulia krimu, watu wanaihamishia gesi kwenye puto wanavuta. Inakushika kama dakika moja hivi, sauti zinatokea mbali na kujirudiarudia, mwili unakuwa mwepesi, unacheka kitu ambacho hakichekeshi, alafu inaisha. Imeisha kabisa. Mdomo haunuki, asubuhi kichwa hakiumi, unaamka unaenda kwenye shughuli zako kama kawaida. Na hapo ndo nilipoliwa mimi, maana kitu kinachoisha kwa dakika moja akili inakihesabu kuwa kitu kidogo, kwa hiyo unavuta kingine, na kingine, na hakuna mahali ambapo mwili unakwambia basi.

Utetezi tulikuwa nao mzuri tu. Madaktari wa meno si wanaitumia? Wamama wakiwa kwenye uchungu si wanapewa? Ni kweli wanapewa, na wala sitaki mtu asome hapa alafu aikatae akiwa labor, ile ya kujifungulia inachanganywa nusu gesi nusu oksijeni na unaivuta kwa saa chache maisha yako yanaendelea. Sisi tulikuwa tunavuta kila wikiendi, alafu wikiendi ikaanza Alhamisi, alafu nikaacha kuhesabu siku. Ikaja na ile mitungi mikubwa, ya gramu mia sita na zaidi. Vikopo angalau asubuhi unavikuta vimetapakaa chini, unaviona, unaona aibu kidogo, unavizoa. Mtungi hauna ushahidi wa namna hiyo. Daktari alipokuja kuniuliza navuta kiasi gani kwa siku nilikosa jibu, na sikuwa namficha, nilikuwa sijui.

Ganzi ilianza kwenye vidole vya miguu. Ile ganzi ya kuukalia mguu, ambayo ukiukung'uta unapata sindano sindano alafu yanaisha, sasa sindano sindano zikaja na hazikuisha. Na zilikuja miguu yote miwili kwa pamoja, kwa usawa uleule, kama nimevalishwa soksi nisizoziona. Ningekuwa na akili hilo tu lingenishtua maana mguu unaoukalia ni mmoja. Nikalaumu viatu. Nikalaumu godoro. Wiki mbili baadaye soksi zimepanda hadi karibu na magoti na ncha za vidole vya mikono nazo zimeanza, vifungo vya shati vinanishinda, nikalaumu simu.

Alafu bafuni. Najipaka sabuni usoni, nafumba macho, ghafla ukuta unanijia. Yaani nilianguka kwa kunawa uso. Macho yakiwa wazi nasimama vizuri tu, nikifumba nayumba kama mlevi. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba hicho ni kipimo kabisa, madaktari wanakiita kipimo cha Romberg, kwa sababu mwili unajua umesimamaje kwa kutegemea vitu vitatu, macho, sikio la ndani na taarifa zinazopanda kutoka kwenye viungo vya miguu, na mtu akibaki na viwili kati ya hivyo bado anasimama. Mimi taarifa za miguuni zilishakatika muda tu. Macho ndo yalikuwa yananibeba, nikiyafumba nabaki na kimoja.

Na shingo. Nikiinamisha kichwa kuangalia simu, umeme unashuka toka shingoni unapita mgongoni hadi miguuni, tsss, nusu sekunde, umeisha. Hiyo nayo ina jina lake, la daktari Mfaransa, Lhermitte. Mi nilisema nimelalia mto vibaya.

Udhaifu wenyewe ulikuja mwisho. Kwanza ngazi, nikawa nazipanda kwa kujivuta na mkono. Alafu mguu wa kulia ukaanza kupiga sakafu nikitembea, pa, pa, pa, kwa sababu ncha ya mguu hainyanyuki, na ili nisijikwae nikawa nainua goti juu kama mtu anayevuka matope. Siku moja nilifunga mlango nikasimama mbele ya kioo nikajaribu kusimama kwa visigino tu, vidole viwe juu. Nikaviangalia vidole, nikaviamrisha, vimelala pale chini kama vya mtu mwingine. Nilikaa kitandani kama nusu saa. Alafu nikavuta, maana ile dakika moja ilikuwa dakika pekee ambayo nilikuwa siwazi miguu.

Hapo kati kuna ujinga mwingine lazima niueleze kwa sababu naona watu wengi wanaurudia. Mmoja wetu alisikia kwamba gesi inamaliza vitamini B12 mwilini, kwa hiyo tukawa tunameza vidonge vya B12, asubuhi na jioni, tunajiona wajanja, tumeshaujua mchezo. Kumbe tulikuwa tunafuta alama za miguu za mwizi.

Mahali pa kwanza nilipoenda kutibiwa walinipima damu. Sukari safi, figo safi, B12 iko vizuri, tena iko juu kidogo. Nikaambiwa ni mawazo, nipumzike, nikapewa na dawa ya usingizi. Siwalaumu sana, japo kidogo nawalaumu, maana hakuna aliyeniambia nivue viatu. Waliniuliza kama nakunywa, nikasema kidogo. Wakaniuliza kama natumia madawa ya kulevya, nikasema hapana, na kwa kichwa changu sikuwa naongopa, gesi sikuihesabu kwenye madawa. Neno gesi hawakulitaja wao na mimi sikulitaja, tukaachana kwa amani.

Wiki tatu baadaye nimefika sehemu nyingine nikiwa nimeshikilia bega la mama. Daktari alikuwa mama wa makamo, yale makaratasi ya vipimo aliyaweka pembeni bila kuyasoma, akanivua soksi. Akachukua kile chuma chenye meno mawili, akakigonga, akakiweka kwenye kifundo cha mguu.

"Unasikia kinatetema?"

"Nasikia baridi, daktari."

"Sijakuuliza baridi. Kinatetema?"

Hapana. Akapandisha chini ya goti, hapana. Nyonga ndo nikasikia. Alafu akakishika kidole gumba cha mguu kwa pembeni, akaniambia nifumbe macho nimwambie anakipeleka juu au chini. Juu, nikasema. Chini. Juu. Juu. Nilivyofumbua macho mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, maana yeye alikuwa anaona, kila nikisema juu kidole kilikuwa kinaenda chini.

"Mwanangu," daktari akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeniuliza nimekula saa ngapi, "unavuta puto?"

"Puto gani?" mama akauliza.

"Ndiyo, daktari," nikasema.

"Mara ya mwisho lini?"

"Jana usiku."

Mama hakusema kitu. Aliinama akaanza kunivalisha soksi, moja alafu nyingine, akazivuta hadi juu akazinyoosha vizuri. Mtu mzima mimi.

Alichonieleza yule daktari nimekisoma tena na tena baadaye, kwa hiyo nitajaribu kukisema kwa namna nilivyokielewa, na wataalamu mnisamehe pale nitakaporahisisha. B12 katikati yake ina chembe moja ya kobalti, madini kabisa. Hiyo kobalti ndo inayofanya kazi. Gesi ikiingia kwenye damu inaifikia ile kobalti na kuioksidisha, tuseme inaipiga kutu, na B12 iliyopigwa kutu haifanyi kazi tena. Inakwama ndani ya kimeng'enya kinachoitwa methionini sinthesi, kimeng'enya nacho kinakufa nayo. Hakirekebishiki, mwili inabidi utengeneze kipya, na hiyo inachukua siku kadhaa. Sasa fikiria mtu anayevuta kila siku, fundi anaanza msingi, wewe unaubomoa, anaanza tena, unabomoa tena.

Hicho kimeng'enya kazi yake ni kuchukua kitu kinaitwa homosisteini na kukigeuza methionini, na methionini ndo mwili unaitumia, pamoja na mambo mengine, kutunza mayelini, lile ganda la mafuta linalozunguka neva kama plastiki inavyozunguka waya wa umeme. Ganda likiharibika ujumbe unachelewa, unapotea njiani, au unaruka kama shoti, na ile tsss ya shingoni ndo ilikuwa shoti yenyewe. Na neva zinazoumia kwanza ni zile ndefu, ndo maana inaanza miguuni. Ndani ya uti wa mgongo inapenda sana kushambulia upande wa nyuma, zinakopita taarifa za mtetemo na za mwili kujua kiungo kiko wapi, alafu na pembeni, zinakopita amri za kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli. Nyuma ikiharibika unapoteza ndala bila kujua. Pembeni ikiharibika mguu unakuwa mzito na mgumu. Na neva zenyewe za miguuni, zile za nje ya uti wa mgongo, zikiharibika, mguu unalegea na kupiga pa pa pa. Mimi nilikuwa na vyote.

Kwenye picha ya MRI ya shingo yangu alinionyesha alama nyeupe kwa nyuma ya uti, umbo la V iliyopinduliwa. Ndogo sana. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi kusema kweli, kwa jinsi nilivyokuwa nimeteseka.

Sasa kuhusu kile kipimo cha damu. Kipimo cha B12 kinahesabu B12 iliyopo, hakiulizi kama inafanya kazi. Ni kama kuhesabu funguo mfukoni, unazo kumi, hongera, ila meno yake yote yamesagika na mlango haufunguki. Ukiongeza na vidonge tulivyokuwa tunameza, basi mfuko umejaa funguo mbovu na makaratasi yanasoma safi. Kinachopaswa kupimwa ni vile vinavyorundikana kazi ikisimama, yaani homosisteini yenyewe na asidi ya methilimaloniki, hizo zikiwa juu ndo unajua kiwandani kumelala. Yangu homosisteini ilikuwa juu sana. Na homosisteini ikipanda damu nayo inakuwa rahisi kuganda, kuna watu wanapata donge mguuni likapanda hadi mapafuni, kwa hiyo mguu wa mvuta puto ukivimba upande mmoja usiuweke kwenye kapu la ganzi, hilo ni jambo jingine na ni la haraka.

Kilichonikera ni kwamba haya yote siyo mapya. Nilidhani mimi ni mgonjwa wa ajabu, kumbe mwaka 1956 madaktari wa Denmark walishaandika kuhusu wagonjwa wa pepopunda waliopewa gesi hii kwa siku nyingi mfululizo ili watulie, na uboho wa mifupa yao ukaacha kutengeneza damu. Na mwaka 1978 daktari wa neva wa Marekani, Robert Layzer, aliandika kuhusu wagonjwa 15 wenye ganzi, kuyumba na miguu dhaifu kama mimi, na kati ya hao 15, kumi na nne walikuwa madaktari wa meno. Wengi walikuwa wakiivuta wenyewe kwa starehe, mtungi si uko pale pale, lakini wapo walioipata kwa kufanya kazi tu kwenye chumba kisichopitisha hewa vizuri. Ndo maana leo vyumba vya meno vinavyotumia gesi vinatakiwa viwe na mfumo wa kuifyonza, na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imependekeza hewa ya kazini isizidi sehemu 25 za gesi kwa milioni wakati inatumika. Kwa hiyo wewe unayefanya kazi kwenye chumba cha namna hiyo, vidole vikianza ganzi, taja na hiyo kazi yako kwa daktari, siyo umri tu.

Na kwa kuwa nilikuwa nimelala tu nina muda, nikarudi nyuma zaidi. Gesi hii aliitengeneza Joseph Priestley mwaka 1772. Mwaka 1799 kijana Humphry Davy akiwa Bristol akaanza kujivutisha mwenyewe na marafiki zake, akaandika kwamba inaonekana inaweza kuondoa maumivu na huenda ikafaa kwenye upasuaji, na hakuna aliyemsikiliza, watu waliipenda kwa kuchekea tu, miaka zaidi ya arobaini. Alafu Desemba 1844, Hartford, Connecticut, kwenye onyesho la kulipia kiingilio, bwana mmoja anaitwa Samuel Cooley akavuta, akachachamaa pale ukumbini, akajigonga, akarudi kukaa, mguu unavuja damu na hana habari. Aliyekuwa amekaa karibu ni daktari wa meno Horace Wells, akamuuliza, huumii? Akasema haumii. Kesho yake Wells akavuta gesi yeye mwenyewe akang'olewa jino.

Historia huwa inasimuliwa kama habari njema na ni njema kweli, mi mwenyewe nisingependa kung'olewa jino kavukavu. Ila nilipofika kwa Cooley nilikaa na hiyo picha muda mrefu. Mtu anaangalia mguu wake mwenyewe, anaona damu, anasema kumbe. Mimi na ndala yangu.

Matibabu hayana mbwembwe. Kwanza acha, yaani siyo punguza. Alafu sindano za B12, ile aina ya hydroxocobalamin, miligramu 1 kwenye msuli, mimi nilichomwa kila baada ya siku moja kwa wiki za mwanzo alafu zikapanuliwa nafasi. Dawa yenyewe ni nyekundu, nyekundu kama juisi, mara ya kwanza nilidhani wamekosea wameleta damu. Baadaye nikaongezewa na asidi ya foliki, na daktari alisisitiza mno huo mpangilio, B12 itangulie, maana foliki ukiimeza peke yake damu inaweza kupendeza kwenye vipimo huku neva zinaendelea kuharibika chini kwa chini. Kwa hiyo wewe unayejitibu nyumbani kwa vidonge vya damu, hapo pia kuna shimo.

Wiki ya kwanza ya sindano nilizidi kuwa vibaya. Hakuna aliyenitahadharisha na nikajua nimekwisha. Wiki ya tatu mikono ikaanza kurudi, nikafunga kifungo cha shati, nikakifungua, nikakifunga tena. Miguu ilichelewa sana. Mtaalamu wa mazoezi alinipa plastiki ya kushikilia mguu usidondoke na akanifundisha kutembea upya, na kosa langu kubwa kwake lilikuwa kuangalia chini. "Macho juu, kaka," kila hatua, "macho juu." Ningemwambiaje kwamba nikiinua macho miguu inapotea? Nilikuwa naiangalia kama mtu anayeangalia watoto wawili wakorofi, ukigeuka tu wamepotea.

Kuna mwenzetu mmoja ambaye nampenda na nimemwambia haya yote usoni. Yeye anachoma sindano asubuhi na kuvuta jioni, anasema anasawazisha. Nikamweleza ile habari ya kutu, kwamba B12 mpya inayoingia inakutana na gesi ileile inapigwa kutu ileile. Akasema ameelewa. Mara ya mwisho nimemwona ana kovu kubwa la kuungua kwa ndani ya mapaja yote mawili. Ni baridi iliyomuunguza, siyo moto, gesi ikitoka kwenye mtungi inapoza chuma kupita kiasi, inachemka kwenye nyuzi joto karibu 88 chini ya sifuri, na yeye mtungi alikuwa ameubana katikati ya miguu. Muda gani hata hakumbuki. Kwa nini hakuhisi, unadhani? Nusu ni gesi yenyewe kuua maumivu, na nusu nyingine mimi nina wasiwasi nayo lakini hataki kwenda kupimwa.

Kwa wasiovuta, neno moja tu. Mwili wenye B12 ya kutosha unahimili gesi ya mara moja ya hospitali. Ila kama B12 yako iko chini bila kujua, hata usingizi mmoja wa upasuaji unaweza kukuangusha wiki kadhaa baadaye, ganzi na udhaifu, na wakati huo hakuna anayekumbuka ulipewa gesi gani. Walio kwenye hatari hiyo ni wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, waliokatwa mfuko wa chakula au sehemu ya utumbo mdogo, wenye ule upungufu wa damu ambao mwili unashindwa kufyonza B12, wanaotumia metformin, ile dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, na wazee. Ukijijua uko humo mwambie mtu wa usingizi kabla, zipo dawa nyingine za kutumia.

Sheria nazo zimeanza kukaza, Uholanzi walipiga marufuku tarehe 1 Januari 2023, Uingereza wakaiweka kwenye madawa ya kulevya ya daraja C tarehe 8 Novemba mwaka huohuo. Sina ugomvi na hilo. Wasiwasi wangu ni mmoja, mimi niliificha wakati nilikuwa sijui hata kama kuna cha kuficha, sasa mtu akijua ni kosa atamwambia nani? Na kipimo cha damu, kama nilivyosema, hakitamsemea.

Imepita miezi kumi na moja. Sivuti. Natembea bila ile plastiki, kukimbia siwezi, ngazi nashuka nikishika ukuta, gizani nawasha taa hata kama nakwenda hatua mbili. Vidole vya mguu wa kushoto vimebaki kama vimefungwa kitambaa na daktari ameniambia kwa upole kwamba kilichorudi kwenye mwaka wa kwanza ndo kingi kitakachorudi.

Mtoto wa dada amegeuza ule mtihani wa daktari kuwa mchezo. Akija nalala chini kwenye zulia, anakishika kidole gumba cha mguu kwa mikono miwili, ananiamuru nifumbe macho na hakubali mpaka aje aninyooshee mkono usoni kuhakikisha.

"Juu au chini?"

"Chini."

"Umekosa, mjomba!"

Mguu wa kulia napatia mara nyingi. Wa kushoto kila mara anasema nimekosa, na kuna siku nahisi kabisa ananionea huyu mtoto, ila nabishaje na macho nimefumba.